Saburi bin Mfaume, Aliyetiwa Mkatale na Nduguze

Kwa mliokusanyika katika hitma hii ya arobaini, leo tarehe 26 Septemba 1959: haya ndiyo maisha ya Saburi bin Mfaume, bila kupunguzwa neno.

Alizaliwa Msimbu, Kisarawe, Machi 1914, mtoto wa pili wa Mzee Mfaume bin Kondo na Bi Mwanne. Wa kwanza ni Mwinyimadi, ambaye atatajwa hapa zaidi ya mara moja kwa sababu mambo yake ni mengi.

Alihitimu Kurani akiwa na miaka kumi na mmoja, kisha akasoma shule ya serikali Dar es Salaam hadi 1931. Mwaka uliofuata aliajiriwa karani wa mahakama Kisarawe, akaishika kazi hiyo miaka ishirini na mmoja. Alikwenda kazini kwa baiskeli isiyo na kengele, akipaza sauti kila kona, "Hodi, jamani, hodi!" Wanawake wa njiani walimjibu, "Karibu, bwana karani, ila usituingie na gurudumu!"

Tarehe 9 Julai 1938 alimwoa Mwanahalima binti Shomari wa Mlandizi, aliyesoma shule ya wasichana na kuandika Kiingereza. Siku ya harusi Mwinyimadi alisema mbele za watu kwamba mke asomaye barua humfuga mume kama kuku. Saburi akamjibu, "Kaka, mbona kuku huyu analishwa vizuri?" Walijaliwa watoto wawili.

Ugonjwa ulianza baada ya masika ya 1953. Hakuwa amefiwa, wala hakugombana na mtu. Aliamka alfajiri akakaa kitandani, kiatu kimoja mkononi, hata jua likapanda. Chakula alikisukuma. Aliyemwuliza aliambiwa, "Nimechoka na mimi mwenyewe." Novemba aliacha kazi.

Januari 1954, Mwanahalima akiwa Mlandizi anamwuguza mama yake, Mwinyimadi alimchukua mdogo wake hadi Msimbu, akaita mganga, akatangaza kwamba ni pepo aliyeletwa na mke. Walipiga ngoma siku saba. Pepo hakupanda, kwa kuwa hakuwapo. Ndipo wakamtia mguu katika mkatale, gogo lililotobolewa na kupigiliwa chuma, karani wa serikali, kama mwizi wa mbuzi. Alikaa humo siku thelathini na nne. Watu walileta watoto wao kutazama, na baadhi yao leo wamekula pilau ya hitma hii.

Mwanahalima alipopata habari alifika asubuhi, shoka mkononi.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Umekuja kukata kuni?"

"Nimekuja kupasua gogo."

"Mwanamke wa shule! Utampasua mguu."

"Basi shika wewe shoka, shemeji. Mguu ulioufunga unaujua."

Mwinyimadi alifungua gogo. Donda la mguuni lilichukua miezi mitatu kupona.

Hapo mke alianza kutafuta tabibu wa kweli. Zahanati ya kwanza walimpa kwinini; ya pili walimwambia amwombee. Daktari mmoja wa Dar es Salaam alimweleza kuwa Dodoma kuna bingwa wa maradhi ya akili. Aliandika barua tatu kwa Kiingereza. Jibu la ya tatu likaja, na Februari 1955 wakapanda treni pale Ruvu.

Bingwa yule aliuliza yale ambayo Msimbu hapakuwa na aliyeyauliza: unaamka saa ngapi, chakula kina ladha, unajiona mzigo? Kisha akasema, "Huu ni ugonjwa wa huzuni. Nimewatibu wengi, mahakimu wa Kizungu wakiwemo."

Saburi akasema, "Alhamdulillahi. Kumbe naugua na wakubwa."

Ulikuwa mzaha wake wa kwanza kwa karibu miaka miwili. Mwanahalima alitoka nje akalia ukutani.

Alitibiwa miezi mitano, akarudi nyumbani, akawa akilima mananasi na kuwaandikia majirani barua zao. Huzuni ilimrudia mara mbili, na mara mbili treni iliwapeleka. Mwaka huu wa 1959 bingwa aliandika kwamba wataalamu wa Ulaya wamepata vidonge vipya vya ugonjwa huo, naye ameviagiza. Vilifika Agosti. Saburi alivimeza siku tisa tu.

Alifariki Jumatatu, tarehe 17 Agosti 1959, kwa homa ya mapafu, mikononi mwa mkewe. Cheti cha daktari kipo. Mnaonong'ona kwamba alijidhuru, njooni mkisome. Asiyejua kusoma atasomewa.

Siku ya maziko mtani wa ukoo alijifunga gogo mguuni akachechemea mbele ya jeneza, watu wakacheka. Mtani hakasirikiwi, ni haki yake. Lakini mchezo ule hakuutunga yeye.

Ameacha mjane, Mwanahalima. Binti, Mwamvita, mwanafunzi wa uuguzi. Na mwana, Mwinyijuma, aliye shuleni. Ameacha pia kaka, ambaye ni mzima na hana kovu.

Marehemu alimsamehe kaka yake, alisema hivyo mara nyingi. Mjane hajasamehe, maana hajaombwa. Yumo ndani ya eda, haendi popote. Mwenye la kujibu aje aseme mlangoni pake.

Mola ampumzishe Saburi kwa amani.