Ahsante ya Mezani

Treni ya kwenda mji wa Nice ilipoanza kuondoka, mzee mmoja alijitupa kitini mbele ya Bi Honorine, akaanza kulalamika kabla hata hajavua kofia. Watu wa namna hiyo hawangoji kuulizwa.

"Mwanangu Séraphin alikuwa mfanyakazi wa kasino, mama, akizungusha gurudumu la ruleti, lile la kamari ya namba. Wamemfukuza kama mwizi! Eti alikula njama na mwanamke mmoja aliyekuwa akishinda kila siku."

"Na hakula?" aliuliza Honorine, macho dirishani.

"Njama gani! Gurudumu lenyewe lilikuwa bovu, limelalia upande, likipenda namba zile zile. Huyo bibi akaligundua, akanyamaza, akavuna, akatoweka. Kwa hilo simlaumu, hata mimi ningevuna. Lakini kila akishinda alirusha chipu moja, kile kisarafu cha kamari, iwe bahashishi ya wafanyakazi, kama ilivyo desturi, kisha akapaza sauti: 'Ahsante, Séraphin!' Wakubwa wakajiuliza, anamshukuru kwa lipi?"

Honorine alihisi masikio yakiwaka moto. Siku zote alidhani kupaza ahsante ile mezani kulikuwa uungwana.

"Labda alikuwa na adabu tu," alisema.

"Adabu! Angekuwa nayo angerudi kumtetea kijana wa watu. Au wewe waonaje, mama?"

Honorine alirudisha macho dirishani. "Sijui, baba. Mimi sichezi kamari."

Treni ikasimama Nice. Mzee, kwa wema wake, akambebea begi hadi chini. Kwa mazoea, Honorine akatia mkono mkobani kutafuta bahashishi, akafungua kinywa kushukuru, kisha akakifunga kabla 'Ahsante' haijatoka.