Mkono wa Orlando Wedel

Mchungaji, dada yangu Verna, wapwa zangu Galen na Loretta, ndugu, jamaa na majirani wa Blumenfeld, nimesimama hapa kwa niaba ya familia kuwasomea maisha ya shemeji yangu Orlando Wedel, na kabla sijaanza naomba mnivumilie, kwa sababu katikati ya karatasi hizi kuna jambo nililolikalia miaka arobaini na mbili, linamhusu yeye na linanihusu mimi, na nisipolisema leo kabla hajatolewa kwenye mlango ule, sitalisema tena. Wengi wenu nimewafundisha, mnanijua, Milo Stucky ni mtu wa kufoka, si mtu wa kuomba, lakini leo naomba.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Novemba 1930, katika shamba la baba yake, maili nne kaskazini ya Blumenfeld, hapa Kansas, akiwa mtoto wa tano kati ya saba wa marehemu Tobias Wedel na marehemu Katharina, na mkunga alipoiona mikono yake aliuliza huyu amekuja kuzaliwa au amekuja kukamua ng'ombe. Alibatizwa katika kanisa hili tarehe 25 Mei 1947, alimaliza sekondari mwaka 1948, na mwezi Septemba mwaka huohuo akajiunga na Chuo cha Blumenfeld, siku moja na mimi, tukapewa chumba kimoja, yeye akiwa na urefu wa futi sita na inchi tano, miguu yake ikipita mwisho wa kitanda, mimi nikipigwa nayo usoni kila asubuhi nikiinama kutafuta viatu.

Tulicheza wote mpira wa kikapu chini ya marehemu Kocha Jonas Regier, na wazee mliopo mnaikumbuka sheria yake. Siku hizo ukifanya faulo ulitakiwa kuinua mkono ili mwandishi wa mezani akuone, vyuo vingine waliinua kivivu, wengine walisubiri refa awaoneshe kidole, lakini kwa Kocha Regier ilikuwa kama ungamo la kanisani, unainua mkono wote, unageukia meza, unataja namba yako kwa sauti, na aliyechelewa alizunguka ukumbi mara ishirini. "Ukimgusa mtu, sema mwenyewe," alikuwa akitupigia kelele, "usingoje kutajwa, wewe si mbuzi!" Orlando alikuwa namba ishirini na tatu, mimi nilikuwa kumi na nne.

Msimu wa mwaka wetu wa mwisho ulianza tarehe 4 Desemba 1951 kwa kipigo, tena nyumbani, tena kutoka kwa chuo kidogo ambacho hakikuwa hata na kocha wa kudumu, na watu walitoka ukumbini wakisema heri wangebaki na mifugo yao, lakini baada ya hapo tulishinda michezo kumi na minne mfululizo, na kila ushindi ulikuwa mwembamba kuliko uliotangulia, pointi sita, pointi nne, pointi moja, hadi mama yangu akaacha kusikiliza redio kwa amri ya daktari. Tulisafiri na magari mawili yasiyo na joto, tukila ile mikate midogo ya ghorofa mbili ya mama zetu na soseji, na kwa kuwa vita vya Korea vilikuwa vimepamba moto na kanisa letu halishiki bunduki, kila ukumbi wa ugenini ulitungojea. "Waoga hao! Wenzenu wanakufa, nyie mnarusha mpira!" mtu mmoja alitufokea uso kwa uso, nami nikataka kumrukia, Orlando akanishika kola kwa vidole viwili. "Mwache apige kelele, Milo," akasema, "amelipia kiti."

Mwezi Januari mwaka 1952, marehemu Reuben Flickner, mwenyekiti wa bodi ya sekondari yetu, alimshika Orlando mkono pale nje ya kanisa na kumwambia kazi ya kufundisha timu ya sekondari ni yake siku kocha aliyekuwapo atakapostaafu, na Orlando, ambaye hakuwa mtu wa kutaka vitu, alikitaka kitu hicho kuliko vyote, alikuwa akichora mipango ya mchezo kwenye mifuko ya unga, na dada yangu Verna, aliyekuwa mchumba wake, alikuwa akikandia unga juu ya michoro hiyo na kumkemea.

Tarehe 1 Machi 1952, siku ya Jumamosi, tulicheza mchezo wa mwisho wa ligi, hapa nyumbani, na Chuo cha Saltfork, na mshindi angekwenda Kansas City kwenye mashindano ya taifa, mahali ambapo Blumenfeld haikuwahi kufika. Ukumbi wa watu mia nane ulikuwa na watu elfu moja na zaidi, madirisha yalikuwa yanatoa jasho, na mezani, akiandika daftari la faulo, alikuwa Ferd Krehbiel, yule pale safu ya tatu, mwenye koti la kahawia. Zilipobaki sekunde kumi na tisa tulikuwa mbele, hamsini na nane kwa hamsini na saba, Orlando akiwa na faulo nne, mimi nikiwa na nne, na ya tano ilikuwa inakutoa nje. Kijana wao mmoja mfupi, mwepesi kama panya wa ghalani, akaingia na mpira chini ya kikapu chetu, sisi wawili tukamfunika, mikono ikachanganyikana, filimbi ikalia. Refa alikuwa ameona shati jeupe, hakuona la nani. Akauliza, "Nani?" Na Orlando akainua mkono, wote, akageukia meza, akasema ishirini na tatu, akatoka nje.

Yule kijana alifunga mitupo yote miwili ya adhabu, hamsini na tisa kwa hamsini na nane, mpira wa mwisho nikaurusha mimi, ukagonga chuma, ukadondokea pale ambapo Orlando angekuwa amesimama, na mrefu wao akaukumbatia hadi kengele ikalia. Hivyo ndivyo mnavyoijua hadithi, hivyo ndivyo ilivyosimuliwa kwa kinyozi na kwenye ghala la ngano, kwamba Orlando Wedel, kwa faulo ya kizembe, alitunyima Kansas City, na karatasi ya kwanza niliyoiandika juzi iliishia hapo, nikaichana.

Sasa sikilizeni vizuri. Orlando hakumgusa yule kijana. Aliyempiga kwenye kifundo cha mkono ni mimi, nilisikia mfupa wake kwenye vidole vyangu, nikajua, na refa alipouliza nani, mkono wangu huu ulining'inia kama wa mtu mwingine. Ilikuwa sekunde moja, labda mbili. Orlando alinitazama, nami nikatazama sakafu, na nilipoinua macho mkono wake ulikuwa tayari juu.

Kwenye chumba cha kubadilishia nguo nilimfuata, wengine wakiwa wanalia kwenye taulo. "Orlando, ile faulo," nikasema. "Najua ilikuwa ya nani," akasema. "Sasa kwa nini?" Akavua kiatu kimoja, akakaa nacho mkononi. "Nilidhani utafunga, bwana." Jamani, akacheka, kijana aliyepoteza kila kitu alicheka, kisha uso ukarudi mahali pake, akasema, "Mimi siwezi kukusemea, Milo, maana nami nimedanganya pale mezani. Utasema mwenyewe ukiwa tayari." Hakulitaja tena neno hilo. Katika kanisa hili ambalo watu husimama mbele ya wote kuungama hadi chuki ya mipaka ya shamba, alikaa benchi moja na mimi Jumapili baada ya Jumapili, akinipa nafasi, na kila Jumapili nilifungua kitabu cha nyimbo.

Marehemu alihitimu Mei 1952, na kuanzia Agosti mwaka huo hadi Julai 1954 alitumikia nchi badala ya jeshi, akiwa mhudumu katika hospitali ya wagonjwa wa akili, mimi nikiachwa nyumbani kwa sababu ya sikio bovu, nikifundisha hesabu sekondari. Aliporudi, nafasi ya kocha ilikuwa imetangazwa. Bodi ilikaa, Flickner akasema, "Mtoto mzuri, lakini zikibaki sekunde ishirini anashindwa kuzuia mikono yake," wakacheka, na kazi wakanipa mimi. Niliifanya miaka thelathini na mmoja, mna picha yangu kwenye korido ya shule. Orlando alikuja nyumbani siku ileile na ndoo ya mayai kunipongeza, kisha tarehe 1 Septemba 1954 akaanza kazi kwenye ghala la ngano, akapima mzigo na unyevu wa ngano zenu kwa miaka thelathini na minane, na hakuna mkulima hapa aliyewahi kurudi kulalamika.

Mlimwita Mkono. Msijifanye mmesahau. Mkono, kapime ngano, Mkono, usiiguse hiyo, na yeye alikuwa akiitika. Alifunga ndoa na dada yangu Verna tarehe 18 Juni 1955, katika kanisa hili, na hata siku hiyo mtu mmoja, simtaji kwa kuwa yupo hapa na ana moyo mbovu, alipaza sauti kwenye keki, "Verna, mwangalie asifanye faulo!" Walijaliwa watoto wawili, Galen, aliyezaliwa tarehe 2 Aprili 1957, na Loretta, aliyezaliwa tarehe 30 Januari 1960, na wajukuu watano.

Galen, mjomba wako anakuomba radhi mbele za watu. Ulinichezea mwaka 1973, ukafanya faulo, na wenzako wakaimba, "Inua, Galen, kama babako!" Ulinitazama mimi, kocha wako, kaka wa mama yako, na mimi nikapuliza filimbi nikasema endeleeni. Ninajua ni lini uliacha mpira. Ilikuwa wiki ileile.

Marehemu alianza kuugua Oktoba 1993, maumivu ya tumbo yaliyokuja kujulikana ni saratani ya kongosho, akatibiwa Wichita, kisha akaomba arudi nyumbani. Mwezi Januari nilikuwa nimekaa naye mchana, Verna akiwa jikoni, akaniambia, "Historia yangu utasoma wewe." Nikasema sawa. "Usitie chumvi." Nikasema sitii. "Na usipunguze," akasema, macho yake darini, na ile mikono, ambayo ilikuwa imebaki mifupa, ilikuwa imelala juu ya blanketi, na mimi, mzee wa miaka sitini na mitatu, nilijibu kwamba supu inapoa. Alifariki Jumapili, tarehe 20 Februari 1994, saa nne asubuhi, mke wake na watoto wake wakiwa pembeni.

Juzi nilikwenda kumwambia Verna. Alikuwa anakata nyama ya nguruwe ya mikate ya leo, alinisikiliza hadi mwisho bila kuweka kisu chini. "Usiniambie mimi," akasema. "Mimi sikuwahi kumwita Mkono. Nenda kawaambie waliomwita."

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Wichita, muuguzi wa wilaya aliyevuka theluji kila siku ya pili, wafanyakazi wenzake wa ghala la ngano waliosimamisha mizani asubuhi ya leo ili waje, majirani waliokamua ng'ombe wake tangu Novemba bila kuombwa, mchungaji, waimbaji, na akina mama walioko chini wanaoandaa kahawa, ambayo sina hakika kama kuna atakayetaka kuinywa na mimi, na sitamlaumu.

Ferd, najua bado unalo lile daftari, uliniambia mwenyewe kwamba hutupi kitu. Ukifika nyumbani lifungue kwenye tarehe 1 Machi, umfutie Orlando ile ya tano, alimaliza mchezo akiwa na nne. Wewe lala sasa, shemeji yangu, lala vizuri, umengoja vya kutosha, mimi niko tayari. Huu hapa mkono wangu, Ferd, wote, na nimegeukia meza.

Kumi na nne.