Shangazi Aliyekataa Kupewa Mkeka

Wasikilizaji wapendwa, mlio jikoni, mlio garini, nanyi mlio zamu viwandani na redio mmeificha chini ya meza, habari za Jumamosi.

Leo tunamkumbuka Kalolaine Fifita. Kalolaine wa Foa, kisiwa chetu kule nyumbani. Kalolaine wa kule kufulia nguo, kwenye nyumba ya wazee. Kalolaine mwenye kicheko cha kumfanya mchungaji asahau amefika mstari gani. Amefariki Jumanne, hapa hapa magharibi mwa Sydney. Moyo ulichoka. Anazikwa Jumatatu.

Nianze na ugomvi, maana hata yeye angeanza nao. Tangu jana simu yangu haitulii. Watu wazima, wengine wa kanisani kwetu, wananiomba nimsifie marehemu kwa mikeka yake na upishi wake, ila yale mambo ya mtoto wa mdogo wake, Sosaia, niyaache. Nayasema. Mtoto mwenyewe, Luseane, ameniruhusu. Baba yake ameniruhusu. Anayeona aibu azibe masikio yake, asinizibe mimi mdomo.

Kalolaine alikuwa kifungua mimba kwao. Sosaia ni mdogo wake wa kiume. Walikuja huku wakiwa vijana, yeye akaingia kufua mashuka, mdogo wake akawa fundi bomba. Hakuolewa. Aliyemuuliza sababu aliulizwa na yeye sababu ya kuolewa.

Na mnajua kwetu dada yuko juu ya kaka, na shangazi ndiye mwenye sauti nyumbani kwa kaka yake. Kalolaine aliitumia haki hiyo bila haya. Aliingia kwa Sosaia, akafunua chungu, akachukua kipande kinono kuliko vyote huku wenye nyumba wakimeza mate. Mara moja alibeba televisheni yao siku ya fainali ya raga. Sosaia akamsihi angoje angalau mpira uishe. "Utauona kwangu," dada akamwambia, "na uje na soda." Hakuna kitu alichopewa akakikataa. Alikuwa akisema kukataa ni tabia ya watu wenye friji kubwa.

Basi, Luseane alipofika miaka kumi na mitano, alinyamaza. Alikuwa sauti ya kwanza kwenye kwaya, akaacha kuimba. Chakula akawa anakigeuza geuza tu. Alilala na sare za shule na kuamka nazo. Baba akasema ni uvivu. Mama yake, Meleane, alilia pembeni. Bibi mmoja wa kanisani akasema yuko marehemu anayemsumbua, apakwe majani, akapakwa majani. Kalolaine ndiye aliyesema kwamba mtoto huyu anaumwa. Akampeleka kwa daktari.

Daktari alimsikiliza kidogo, akasema ni sonona, akaandika vidonge, akasema arudi mwezi ujao. Wasikilizaji, ugonjwa hakuukosea. Na dawa zile si uchawi wala si sumu, zimewasaidia watoto wengi. Kosa lilikuwa kimya. Hakuna aliyewaambia kwamba kwa vijana, hasa wiki za mwanzo, dawa za sonona zinaweza kumletea mmoja mmoja mahangaiko na mawazo ya kutaka kufa. Narudia, maana hili ndilo walilonyimwa: wiki za mwanzo ndizo za kumwangalia mtoto kwa macho mawili.

Wiki ya pili Luseane aliamka. Aliamka kweli kweli. Alfajiri alikuwa tayari anatembea ukumbini, anakwenda na kurudi. Alisugua bafu, alipanga kabati, hakukaa chini. Nyumba ikafurahi. Na akaanza kugawa vitu vyake. Gauni la ngoma akampa binamu. Kitabu cha nyimbo akampa mwenzake wa kwaya. Viatu vipya vikaenda kwa jirani. Na sisi tunavyompenda mtu mkarimu! Sosaia alisimama kanisani akamshukuru Mungu kwa binti aliyepona na mwenye moyo wa kutoa. Watu wakapiga makofi. Kalolaine naye alipiga. Alikuwa ameshapewa spika ndogo ya muziki, na ameshaipeleka kwake.

Halafu Luseane akaja na mkeka.

Ulikuwa mkeka mwembamba, laini, uliosukwa na mama yake Kalolaine mwaka mzima, ukawekwa kwa ajili ya harusi ya mtoto huyu tangu siku ya ubatizo wake. Luseane akauweka miguuni kwa shangazi yake, akasema achukue yeye, kwa sababu hatauhitaji.

Kalolaine aliniambia mwenyewe kwamba mkono ulishatoka kwa mazoea. Akaurudisha.

"Hutauhitaji kwa nini?"

"Basi tu, shangazi."

"Luseane, nitazame. Unafikiria kujiua?"

Wapo wanaosema neno hilo halisemwi mbele ya mtoto, kwamba utampa wazo. Kalolaine alilisema. Na mtoto, ambaye hakuna mtu aliyewahi kumuuliza, akajibu.

"Ndiyo. Tangu nianze vile vidonge siwezi kutulia, shangazi. Kichwa kinakimbia, kinanisukuma."

"Umefanya vizuri kuniambia. Mkeka siuchukui. Na kuanzia sasa unapokwenda tunakwenda wote. Hata chooni nitasimama mlangoni."

"Utanichosha."

"Nimemchosha baba yako miaka yote hii, na bado yupo."

Sosaia aliposikia, aliikamata chupa ya vidonge akaelekea nayo jalalani. Akasema ni sumu, inamuulia mtoto, haitalala nyumbani kwake. Angekuwa mtu mwingine, nani angemzuia? Meleane asingethubutu. Mchungaji angemwombea. Dada yake akanyoosha mkono tu.

"Lete hapa."

"Dada, usiniingilie kwa mwanangu."

"Sosaia, wewe ni fundi bomba. Mimi ni mfua mashuka. Hatujui kuzianza wala kuzikatisha. Aliyezitoa atatuambia. Lete."

Akatoa. Kwa hasira, lakini akatoa.

Wakaenda kliniki, mtoto katikati. Binti wa mapokezi akatazama kompyuta, akasema miadi yao ni mwezi ujao. Kalolaine akamwambia kwamba mtoto hana mwezi. Binti akasema daktari amejaa. Kalolaine akavua viatu, akakaa chini kwenye zulia, katikati ya njia, akatoa kwenye mkoba majani yake ya kusukia, akaanza kusuka. Akaambiwa kwa upole kwamba pale si mahali pa kukaa. Akajibu kwamba ameshakaa. Wagonjwa wakawa wanamruka. Mzee mmoja wa Kizungu akamuuliza anasuka nini. "Chochote," akamwambia, "inategemea daktari ana kasi gani."

Daktari alitoka. Na nimtendee haki: alipomsikia Luseane, hakubishana. Alifunga mlango, akamsikiliza muda mrefu, akapiga simu hospitalini, na siku ile ile mtoto akapokelewa kwa wataalamu wa vijana. Aliwaambia wasikatishe dawa ghafla wenyewe, kwa maana hilo nalo lina hatari zake. Wataalamu ndio wangeibadilisha, pole pole, wakimwangalia. Kalolaine akamuuliza kwa nini hayo hakuyasema siku ya kwanza. Daktari akakiri kwamba aliogopa: wazazi wakiyasikia, wengi huikataa dawa kabisa.

"Tungekuuliza maswali, daktari," Kalolaine akasema. "Kuuliza si kukataa. Wewe ulitunyima macho."

Sitawadanganya kwamba hapo mambo yakanyooka. Hayakunyooka. Dawa ilibadilishwa, na kila wiki alipimwa na kuulizwa. Kila wiki pia alikaa na mshauri, mwanamke mmoja mtulivu, akajifunza kusema. Sosaia ndiye dereva, na mwanzoni alibaki garini, kisha akaanza kuingia. Kuna miezi Luseane alimchukia shangazi yake waziwazi, akamwita askari jela. Kalolaine akasema askari jela analipwa, yeye hata chai haletewi. Hakuondoka mlangoni.

Kisha ikaja Jumapili ya akina mama kanisani, na Kalolaine akasimama bila kuitwa. Sosaia alikuwa ameshaombwa na wazee wenzake amtulize dada yake. Hakumtuliza. Kalolaine akasema hivi, na mimi nilikuwepo: "Mtoto aligawa vitu vyake, tukampigia makofi. Na mimi nilipiga. Tulikuwa tunamshangilia mtu anayeaga." Wengine walitoka nje. Akawaambia mlango uko wazi wakitaka kurudi. Ibada ilipokwisha, mama mmoja alimfuata uani, akamshika mkono, akasema, wa kwangu naye.

Baada ya hapo zulia la kliniki ile lilimzoea. Kalolaine hakuwa daktari na hakujifanya daktari. Alimsindikiza mtoto wa mwenzake, akakaa, akasuka, akahakikisha maswali yameulizwa.

Luseane sasa ana miaka ishirini na mitatu. Ni fundi umeme. Zipo siku mbaya bado, anazijua, na anajua pa kwenda. Jumatatu, kama desturi yetu inavyodai kwa watoto wa kaka, atajifunga kiunoni mkeka mkubwa uliochakaa, vazi letu la msiba, atakaa nyuma kabisa, jikoni kwenye moshi, na nywele zake zitakatwa. Nilimpigia kumpa pole. Akaniambia: "Mtu asije kunionea huruma kule jikoni. Nafasi ya kumlilia shangazi nimeipigania."

Kwa Sosaia, kwa Meleane, kwako Luseane, na kwa ukoo wote wa Fifita huku na kule Foa: poleni sana. Tumempoteza mtu, na mnaruhusiwa kulia kwa sauti.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, mwenye mtoto anayeanza dawa hizi, usimkatishie na usimwache peke yake nazo. Dai aonwe kila wiki. Mtoto akiwa hatarini sasa hivi, piga sifuri tatu, namba ya dharura, usingoje miadi ya mtu.

Kwa kawaida hapa ningeweka wimbo. Leo siweki. Dakika zilizobaki za kipindi hiki nawaachia ninyi. Kama yuko mtoto chumbani amefunga mlango, na umekuwa ukijiambia ni umri tu utapita, zima redio, nenda kagonge, umuulize kama Kalolaine alivyouliza.

Mbona bado unanisikiliza?