Mama Povu na Mzinga Uliong'aa

Wasikilizaji wapendwa, vuteni viti, punguzeni kelele za vyombo. Leo tunamkumbuka mwanamke aliyewachukia wadudu kuliko mtu yeyote mtaani kwake, na amefariki akiwa mfuga nyuki. Mfuga nyuki. Msidhani ulimi umeteleza.

Mtaani walimwita Mama Povu. Alikuwa dobi. Mashuka ya watu yalipita mikononi mwake miaka na miaka, na doa likimshinda, usingizi ulimpotea. Mende mmoja akionekana jikoni kwake, vyombo vyote vilitolewa nje vikaoshwa upya.

Lakini sabuni ilimla mikono. Ngozi ilibanduka katikati ya vidole, ikawa inatoa maji. Daktari akamwambia waziwazi: acha kufua. Mume alikwisha kufa, na binti bado yuko shule. Mama Povu akasikia kwamba nyuki hawafuliwi wala hawapigwi pasi. Akanunua mzinga mkuukuu kwa seremala, akauweka nyuma ya nyumba. Ukakaa mtupu. Msimu ukapita, mtupu.

Wifi yake, dada wa marehemu mumewe, aliishi naye na hakumpa nafasi ya kupumua.

"Wifi, mbona mifugo yako kimya? Au leo wamekwenda malishoni?"

Basi asubuhi moja kundi la nyuki likatua uani, kwenye nguzo ya kamba ya kuanikia nguo. Bintiye anakumbuka hivi: "Lilining'inia kama bonge la nyama iliyooza, halafu linapumua. Mama alilitazama, akafunika mdomo kwa kiganja."

Msimamizi wa nyumba za kupanga walimoishi akafika mbio.

"Mama Povu, wapangaji wanalalamika. Jioni nikiwakuta hawa hapa, nawamwagia petroli."

"Hao ni wangu."

"Wako? Wamekwambia wenyewe?"

Wasikilizaji wapendwa, lishikeni hili: alikuwa na mpaka jioni. Kufua hawezi tena. Kundi lingine huenda lisije kabisa. Hao nyuki ndio chakula chake na ada ya mwanawe.

Akaufungua mzinga. Harufu ikamvamia kama kwapa la mtu mwenye homa. Ndani mna nta nyeusi iliyogandamana, nyuzi za viwavi wa nondo, mavi ya mende. Akajiuliza, nani mwenye akili zake atakubali kuishi humu? Akaikwangua ile nta yote, akaitupa kwenye pipa la taka. Akasugua mzinga kwa sabuni yenye harufu ya maua, akausuuza, akauanika juani. Ukang'aa. Hapo ndipo alipokosea, na ni kosa ambalo dobi tu angelifanya.

Akavaa koti la mvua la marehemu mumewe, chandarua kichwani, glavu za mpira. Akakinga beseni la kufulia chini ya kundi, akaitikisa nguzo kwa nguvu. Bonge likaanguka, pwaa! Lina uzito, lina joto, linatambaa. Vimiguu vikampanda mpaka shingoni. Nywele zikamsimama. Akajikaza, akawamimina mzingani.

Wakatoka! Wote wakatoka, kama watu waliokuta maiti sebuleni, wakarudi nguzoni.

Wifi akachungulia dirishani. "Wamekimbia usafi, wifi! Hata mimi kuna siku natamani."

Mama Povu akampigia simu seremala.

"Umeuosha?" seremala akauliza.

"Nimeusugua mpaka unang'aa."

"Mama we! Umewapa nyumba inayonuka kama wodi. Choma ndani kwa moto wa karatasi, harufu ya sabuni iishe. Halafu paka ile nta ya zamani. Nyuki wanafuata uvundo wa nyuki. Nta iko wapi?"

Nta iko chini kabisa ndani ya pipa la taka. Na tangu asubuhi wapangaji walikuwa wamelijaza. Matumbo ya samaki. Nepi. Wali uliochacha, na funza wanacheza juu yake.

Akachoma mzinga, akarudi pipani. Kwa glavu hakuweza kutofautisha nta na uchafu mwingine. Akazivua. Akaingiza mikono ile ile yenye vidonda. Akatapika humo humo, kisha akaendelea kuchimba.

Alipoipata, akaikanda viganjani mpaka ikalainika, akaipaka kila pembe ya mzinga, machozi yakimtoka, akitukana wadudu wote wa dunia. Dirishani kicheko kikakatika. Wifi akatoka amejifunga mtandio puani.

"Lete nishike beseni. Na usinisogelee."

Wakatikisa, wakamimina. Safari hii nyuki wachache wakasimama mlangoni mwa mzinga, wakainua mikia, wakapepea mabawa kuwaita wenzao. Wengine wakaanza kuingia, kwa miguu, bila haraka.

Msimamizi akaja na dumu lake la petroli. Akaikuta nguzo tupu.

"Wako wapi?"

"Kwao."

"Mama, unanuka."

"Najua. Kaa mbali."

Mzinga ule ulizaa mizinga mingine, na mizinga ilimsomesha binti. "Watu husema mtu huzoea," anasema binti huyo. "Mama hakuzoea. Kila akifungua mzinga alikunja uso, akatema mate pembeni, akaingiza mkono."

Kwa binti, na kwa wifi aliyemuuguza hadi pumzi ya mwisho, poleni sana. Kipindi hiki kinalia nanyi.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, nyumbani kwenu yupo mtu anayeingiza mkono pale wengine mnapogeuza uso. Anazibua bomba. Anambadilisha mgonjwa nguo. Hapendi, na hatapenda. Leo mkikaa kula, msimwambie kitu. Msogezeeni maji ya kunawa, awe wa kwanza.