Kazi Sitini za Kuchagua

Benchi letu liko kati ya kibanda cha kutengeneza simu na karakana ya mageti, hatua chache kutoka barabara ya Namanga, hapa Kitengela. Ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya vyuma vilivyobaki kwenye geti la mtu. Mimi huweka thamosi zangu za kahawa mwisho wa ubao, mwanangu Ciku akiwa mgongoni, na kufikia saa tatu asubuhi wenye benchi huwa wamefika. Irungu wa simu tunamwita Setilaiti kwa sababu habari zote hupitia kwake kwanza. Munguti wa mageti ni Bunge. Akianza kuongea, hata mashine yake ya kuchomelea hupumzika. Wa tatu ni Lemein, kijana wa duka la dawa za mifugo, ambaye hana jina la utani kwa sababu haongei vya kutosha kupewa. Ndiye hunibebea mtungi wa maji kila asubuhi bila kuombwa. Siku hiyo aliuleta, akauweka chini taratibu, akashika kikombe cha kahawa kwa mikono miwili, na hakunywa.

— Mama Ciku, huyu umempa kahawa ama umempa picha ya kahawa? Bunge akauliza.

— Muulize mwenyewe.

— Lemein! Kuna ng'ombe imekufa?

— Hakuna. Lemein aliweka simu juu ya goti, kioo kikitazama juu. — Nataka kuwauliza kitu. Gemu ikiwa na vitu mingi sana za kuchagua, si inaboesha, mtu akachoka nayo?

Bunge alicheka mpaka kahawa ikamwagika.

— Mtu mzima, na ndevu zimeanza, anaulizia gemu saa tatu asubuhi!

— Wacha amalize, Setilaiti akasema. — Gemu gani?

— Ile tunacheza na Meitamei.

Meitamei tunamjua. Ni binamu yake Lemein, walitahiriwa siku moja, na mwaka jana alienda Ghuba, kwa Waarabu, kulinda mlango wa jumba la maduka. Tangu aende, wawili hao hukutana ndani ya gemu kila jioni wakitoka kazini. Ni gemu ya kuzunguka kwenye misitu na mapango pamoja na watu wa dunia nzima, kila mtu na kazi yake.

— Zamani kazi zilikuwa tatu tu, Lemein akaeleza. — Wa ngao, wa upinde na mganga. Meitamei ni wa ngao, anaingia mbele anapigwa. Mimi ni mganga, niko nyuma yake namtibu. Sasa mwezi huu wameongeza. Kazi ni sitini.

— Sitini!

— Na kila moja iko na matawi. Kuna mganga wa mimea, mganga wa mifupa, mfuga fisi, mtega nyuki...

— Mfuga fisi? Bunge akapiga paja. — Niandikeni hapo!

— Meitamei naye alichagua nini? nikauliza.

— Hakuchagua. Siku ya sita leo hajaingia. Taa yake haijawaka.

Alinigeuzia simu nione. Kando ya jina la rafiki kuna kitaa kidogo. Mwenyewe akiwa ndani huwa cha kijani. Cha Meitamei kilikuwa cha kijivu.

— Na yeyo atapiga leo, Lemein akasema. — Hupiga kila siku ya soko akifika Mashuuru, hapo ndio kuna mtandao. Ataniuliza Meitamei yuko aje. Mimi humwambia yuko sawa, nilimwona jana.

Yeyo ni mama kwa Kimaa. Ni mama mzazi wa Meitamei, lakini Lemein pia alilelewa kwake. Hapo nikaelewa kwamba kijana hakuwa anauliza habari za gemu. Kama machaguo mengi huharibu utamu, basi Meitamei amechoshwa tu, ameacha kucheza, yuko mahali anakula wali wake. Kama hayaharibu, basi ile taa imezimika kwa sababu nyingine.

Wenzangu wawili hawakuwa wameona hivyo bado.

— Inaboesha kabisa, Setilaiti akaanza. — Mjomba wangu Githongo alienda Isinya kununua ploti. Wale madalali wakamzungusha, wakamwonyesha ploti arobaini kwa siku moja. Hii iko karibu na lami, hii iko na maji, hii iko na jirani mzuri. Jioni akarudi akalala na viatu. Mpaka leo ni mpangaji.

— Huyo ni mjomba wako hana msimamo, Bunge akamkata. — Kuchagua ndio utamu wenyewe! Mimi nilipoanza, geti lilikuwa la aina moja, mistari imesimama kama jela. Siku hizi niko na picha mia kwa simu. Mteja anachagua maua, anachagua simba, anachagua tai. Anaenda akicheka. Nani anaweza kukimbia vitu vizuri ati kwa sababu ni vingi?

Lemein aliinamisha kichwa. Nikachukua kile kikombe mikononi mwake nikakiweka kwenye ubao.

— Wewe Bunge hujui mambo ya ubongo, Setilaiti akaendelea. — Ubongo ni kama betri. Ukifungua programu sitini, inapata moto. Mimi naletewa hizo simu hapa kila siku, zimefura. Mtu akichagua sana, kichwa pia kinafura.

— Kinafura wapi? Hapa nyuma ama hapa mbele?

— Ndani! Na wenye hizo gemu wanajua. Wanakuwekea kazi sitini ndio ushindwe, halafu wanaangalia unashindwa aje. Wakishajua vile unashindwa, wanajua mtaa mzima. Kesho utaona duka la viatu limefunguliwa hapo mbele, na ni namba ya mguu wako tu iko.

— Aaa, Setilaiti! Ati walitengeneza gemu ya dunia nzima ndio wakuuzie viatu?

— Ndio maana nilisema hujui mambo ya ubongo.

— Na mimi nasema kijana mwenye macho hawezi kuacha gemu ya kazi sitini. Siku sita! Mimi ningekuwa huko ningeleta godoro. Labda awe na shida ing—

 Nadhani macho ya Bunge yalikuwa yameangukia ile simu gotini, na kidole cha Lemein kilichokuwa kikigusa jina la Meitamei, kikiachia, kikigusa tena. Alivuta kofia yake, akakohoa.

— Lakini pia, akasema kwa sauti ya chini, sasa nikifikiria vizuri, Setilaiti ako na ukweli. Kuna mama mmoja wa hapa karibu nilimpa zile picha mia. Akachagua kwa miezi mitatu. Mwisho akachoka, akaacha. Mpaka leo boma lake limezibwa na miiba. Watu huacha vitu hivyo tu, Lemein. Kuchoka. Si lazima kuwe na kitu mbaya.

Mimi namjua huyo mama. Geti lake lina tausi wawili, na siku ya kulipachika mimi ndiye niliyewapelekea chai.  Nilimwongezea Bunge kahawa tu.

— Unaona? Setilaiti akasema, akifurahi kushinda. — Amechoka na gemu. Umemwandikia?

— Niliandika hivi: uko? Imefika. Hajajibu.

— Mpigie basi.

— Sisi hatupigiani. Huwa tunaongea tukiwa ndani ya gemu. Lemein aliitazama simu. — Na nikipiga isishikwe?



Wakati huo alikuwa amesimama pale dada mmoja mwenye koti la kazi la shamba la maua, ameleta simu iliyopasuka kioo. Tulikuja kujua baadaye kwamba anaitwa Nanjala. Setilaiti alikuwa amemsahau kabisa kwa sababu ya mabishano. Nikamsongezea nafasi, akakaa, akakubali kahawa.

— Samahani, nimesikia tu, akasema. — Hiyo siku ya mwisho mlicheza, ilikuwa aje?



— Ilikuwa siku ya kwanza ya hizo kazi mpya, Lemein akasema. — Mimi nikaziangalia saa nzima. Nikachagua upinde wa moto. Sikumwambia. Nilitaka kumshangaza. Tukaingia pangoni. Yeye akakimbia mbele na ngao vile hukimbia siku zote, hata hakuangalia nyuma, anajua niko. Wakamzunguka. Akawa anaandika, nitibu, nitibu. Na mimi sikuwa na dawa tena. Nilikuwa na mishale.

— Halafu?

— Akafa. Si yeye, ule mtu wake. Halafu taa ikazima.

— Ulimwambia pole?

Nanjala aliuliza kawaida tu, vile mtu huuliza kama chai ina sukari. Lemein alitikisa kichwa. Setilaiti alimtazama Bunge, na Bunge akatazama viatu vyake. Tulikuwa tumemaliza thamosi nzima tukipima ubongo wa dunia, na swali hilo halikumjia yeyote kati yetu. Hata mimi, ninayesema pole mara mia kwa siku, kwa mtoto, kwa mteja, kwa mbuzi aliyejikwaa.

Lemein aliinua simu akapiga.

Spika ya sikioni ya simu yake iliharibika zamani, kwa hiyo sauti hutoka nje na wote husikia. Iliita. Bunge aliinuka akaenda kumwashiria kijana wa karakana azime mashine ya kukatia vyuma. Setilaiti akazima redio. Iliita tena na tena, mpaka Ciku mgongoni akainua kichwa kama naye anahesabu.

Ikashikwa.

— Lemein? Sauti ilikuwa nzito, kama ya mtu aliyelala mchana.

— Meitamei. Supa, Lemein akamsalimu kwa Kimaa.

— Ipa, akaitikia.

 Lemein alikuwa amesimama, mkono mmoja kichwani.

— Pole, akasema. — Ile siku. Nilichukua upinde, sikukwambia. Pole.



— Nilidhani umechoka na mimi, Meitamei akasema. — Kazi sitini, na ile ya kunitibu ndio uliacha ya kwanza.

— Hapana. Zilikuwa mingi tu, nikashika moja. Siwezi kuchoka.

— Huku hakuna mtu mwingine naongea naye, Lemein. Nikawa nikitoka kazini nalala. Siku zote sita, kazi na kulala.

Nanjala aliweka kikombe chini pole pole kisilie. Bunge alikuwa amegeuka, anasugua chuma ambacho hakikuwa na kutu. 

— Yeyo anapiga leo, Lemein akasema. — Nimwambie uko sawa?

Tulisikia Meitamei akivuta pumzi, huko mbali aliko.

— Usimwambie niko sawa, akasema. — Mwambie tu umenisikia.