Historia ya Marehemu Musoki Emérance na Nyumba Aliyokataa Kuitaja

Wapendwa katika Bwana, familia inaomba mtulie kidogo, ili kaka mkubwa wa marehemu, Kule Élisée, mzee wa kanisa, awasomee maisha ya dada yake, pamoja na jambo ambalo angependa kulificha.

Musoki Emérance alizaliwa Butembo tarehe 9 Aprili 1981, akaletwa Bunia mwaka 1990 wazazi walipohamia kwa biashara ya vitambaa, akasoma hapa hapa, akapata diploma ya serikali ya kumaliza sekondari mwaka 2001, vita vikamchelewesha, na mwaka 2009 akamaliza sosholojia, ambayo baba yake hadi kufa aliiita elimu ya kuchungulia sufuria za majirani.

Tarehe 12 Desemba 2009 alifunga ndoa na Vahwere Fulgence, Mungu akawapa binti mmoja, Alliance, na Fulgence alipofariki mwaka 2019, mama na mtoto walikuja kwa Kule, katika nyumba hii ya mtaa wa Ngezi, ambamo tayari alikuwa anaishi mkimbizi mmoja, mama Micheline, aliyekimbia vita vya Nizi mwaka uliotangulia na kupitia kambini, na majirani walikuwa wakimsifu Kule kwa kumpokea.

Miaka miwili ya mwisho ya kazi yake ya utafiti, Emérance na wenzake walipita mitaani wakiuliza nani anakula na nani, nani anafika kwenye kilio cha nani, nyumba zikichaguliwa kwa kura, na kila aliyejibu akiahidiwa kwamba jina lake halitatajwa.

Tarehe 22 Februari 2025 wanasosholojia walijadili matokeo mbele ya watu, na Emérance akasoma kuhusu nyumba moja ya watu wa sala, ambamo mkimbizi anakulia nyuma ya jikoni, na kikombe chake kimetiwa alama ili mtu mwingine asije akakinywea. Kule alisimama, akataka nyumba hiyo itajwe ili kanisa liikanye, watu wakampigia makofi. Dada yake alimtazama, kisha akamwambia kaka yake mkubwa, "Yaya, jina ile siwezi kutaja, tuliahidi batu."

Mchana ule ule, Kule akiwa bado anawasimulia watu wa nyumbani jinsi alivyosimama, Micheline alipita na kikombe chake, na Kule akaiona alama, aliyoichora mwenyewe kwa msumari mwaka 2018 kwa kuogopa magonjwa ya kambini, kisha akaisahau.

Mwezi wa sita figo za Emérance zilianza kushindwa, Micheline akahamia hospitalini kumwosha na kumlisha, naye Kule alifika kila siku akiwa na maombi ya msamaha mdomoni, akaishia kuzungumzia mvua, na dada yake akamshukuru kwa kuja. Alifariki Ijumaa, tarehe 3 Oktoba 2025, mkono wake ukiwa mkononi mwa Micheline, Kule akiwa nje kwenye veranda.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Ngezi, na wenzake wa kazi, ambao wanajua na hata leo wamenyamaza. Inamshukuru Micheline, ambaye aliombwa ruhusa maneno haya yasomwe, akaitoa.

Nyumba ile ni hii mlimoketi, na aliyechora alama ndiye anayewasomea.

Emérance, ahadi uliitunza hadi mwisho, sasa tumekupokea mzigo huo. Pumzika kwa amani ya Bwana.