Neno Lililobandikwa Juu ya Jina la Mwalimu Adolphine

Wapendwa waombolezaji, familia imenipa mimi, mdogo wake Fabien, kazi ya kusoma maisha ya dada yetu, na mtanisamehe, sitayasoma kwa sauti ya upole.

Mwalimu Adolphine Nyassa alizaliwa Mboko tarehe 14 Machi 1971, akasoma shule ya msingi hukohuko, akamaliza sekondari hapa Baraka na kupata cheti chake, diplome d'État, mwaka 1991, tarehe 7 Agosti 1993 akafunga ndoa na Jacques Wilondja, Mungu akawajalia Solange, Wilfried na Dieumerci, vita vikawakimbiza hadi Kigoma mwaka 1996, na waliporudi mwaka 2007 akafundisha jiografia mjini hapa, na ole wako uchore ziwa usahau rasi ya Ubwari.

Mwaka 2018 alijiunga na Hazina ya Tanganyika, kile kitabu cha kwenye mtandao ambacho kila mtu anaandika anachokijua na hakuna anayelipwa, akaandika habari za vijiji, samaki na milima, na kila kilima cha juu akakipa majina yake yote, lile la Wabembe, yaani letu, na lile la Wanyamulenge, majirani tuliopigana nao. Ndugu Norbert, msimamizi wa kitabu hicho, aliyejipa ufunguo wa kufuta maneno na kufungia watu siku ya kwanza na hajamkabidhi mtu hadi leo, akafuta majina ya Wanyamulenge. Dada akayarudisha, Norbert akafuta tena, wenzao wakapiga kura na dada akashinda, Norbert akasema kura haihesabiki kwa kuwa hakuiitisha yeye, akamfungia nje, na juu ya jina lake, mahali ambapo dunia nzima inasoma, akaandika: MCHOCHEZI. Dada akakata rufaa, na rufaa inasomwa na nani? Na Norbert huyohuyo. Kesi ya ngedere ikapelekwa kwa nyani! Hata kwenye lubunga, baraza la wazee wetu, anayelalamikiwa hakai kwenye kiti cha kuamua.

Ninyi wa Fizi mnajua neno hilo linamfanya nini mtu. Wazazi waliwatoa watoto darasani kwake, wanawake wa sokoni wakamnyima salamu, na hata kanisani benchi lake likabaki na nafasi. Machi 2023 figo zikaanza kumsumbua, akalazwa, akatoka, akalazwa tena, na kila tulipoingia wodini aliuliza hilo tu: "Balishatoa ile neno ku jina yangu?" Tulimjibu bado. Alifariki tarehe 6 Agosti 2024, na jibu lilikuwa lilelile.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania, majirani waliotuletea maji na kuni, walimu wenzake, na wale wa Hazina waliompigia kura na wakafungiwa nje pamoja naye. Ndugu Norbert, umeketi mstari wa pili, umeleta shada lenye maandishi "Mwenzetu mpendwa", nasi tumelipokea kwa sababu msiba haumfukuzi mtu. Lakini kwetu maiti haitoki nyumbani na ugomvi. Ufunguo ni wako peke yako, hilo umetufundisha vizuri, simu unayo mkononi na réseau ya mtandao ipo. Lifute. Wabebaji wamesimama, mchungaji amesimama, jua linapanda, na jeneza hili halitainuliwa mpaka Jacques asome mwenyewe kwamba neno limeondoka.

Dada, pumzika kwa amani, sisi huku tunangoja.